Barua kwa Mama Neema: usiulazimishe mkono

Isevya, Tabora
6 Julai 2025

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Neema na kwa watoto wote. Sisi huku hatujambo. Kipupwe kimetushika, asubuhi watu wanatembea na mashuka mabegani, lakini afya zipo na karanga za mwaka huu zimekubali.

Barua yako imenifikia kwa mkono wa mdogo wako aliyeshuka na treni, pamoja na mawese na dagaa. Asante sana, dagaa wa ziwa lenu hawana mfano. Barua yenyewe ndiyo iliyoninyima usingizi. Unasema kidole kidogo na cha pete vya mkono wa kulia vinajikunja ndani kila ukikaa kwenye kinanda. Havikuumi. Ukisonga ugali viko sawa, ukiandika ubaoni viko sawa, ukishika tu nota ya kwanza ya wimbo vinakimbilia kiganjani. Unasema umeanza kuamka alfajiri na kupiga ngazi, zile nota za kupanda na kushuka kwa mfululizo, mpaka jasho likutoke, ili uvirudishe kwa nguvu. Na kwamba kuna mama kwenye kwaya amekwambia umetupiwa kitu.

Mama Neema, kabla ya lolote nakuomba moja: acha hayo mazoezi ya alfajiri. Yaache leo hii. Nitakueleza sababu kwa kirefu, maana nakujua, hukubali neno mpaka uone mzizi wake.

Kuna mpiga piano wa Marekani aliyeitwa Leon Fleisher. Nimemsoma na kumsikiliza sana kwenye simu, usiku nyumba ikishatulia. Aliyapitia haya unayoyapitia, karibu kidole kwa kidole, tena akiwa kileleni kabisa. Nataka umfahamu.

Alizaliwa San Francisco tarehe 23 Julai 1928. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohama kutoka Ulaya ya mashariki, baba akifanya kazi ya kofia. Mwalimu wa piano alikuwa anakuja nyumbani kumfundisha kaka yake, na Leon alikuwa anakaa pembeni akisikiliza. Kaka akishatoka kwenda kucheza, mdogo anapanda kwenye kiti na kulipiga somo lote. Ikabidi wabadilishe mwanafunzi. Alikuwa na miaka minne. Mama yake alikuwa na mawili tu kichwani juu ya mtoto huyu: ama awe Myahudi wa kwanza kuwa Rais wa Marekani, ama awe mpiga piano mkubwa. Wewe na mimi tumelelewa na akina mama wa namna hiyo, kwa hiyo sihitaji kukueleza uzito wake.

Mwalimu waliyemtaka alikuwa Artur Schnabel, ndiye mtu wa kwanza kurekodi sonata zote 32 za piano za mtunzi Beethoven, kazi iliyofanyika kati ya 1932 na 1935. Schnabel hakuwa akipokea watoto. Basi kondakta mmoja wa San Francisco, Alfred Hertz, akamwalika kula nyumbani kwake. Wageni wakiwa mezani, kijana akaingizwa kwa mlango wa chini na kuketishwa kwenye piano. Schnabel alipotoka chumba cha chakula akamkuta keshakaa tayari. Akamsikiliza, akamkubali, kwa sharti moja: huyu mtoto asitembezwe majukwaani kama kitu cha maonyesho. Mwaka 1938, akiwa na miaka tisa, wakampeleka Italia kando ya Ziwa Como alikokuwa anafundisha Schnabel. Na ukifuata ukoo wa mafundisho yale, Schnabel alifundishwa na Leschetizky, Leschetizky na Czerny, na Czerny na Beethoven mwenyewe. Mimi jambo hili hunisisimua kila nikilifikiria, jinsi mkono unavyomkabidhi mkono mwingine kwa zaidi ya miaka 100.

Akiwa na miaka 16, mwaka 1944, alipiga kwenye ukumbi wa Carnegie Hall, New York, konsato ya kwanza ya mtunzi Brahms, yaani kazi ndefu ya piano pamoja na okestra, na Pierre Monteux akiongoza okestra. Mwaka 1952 akashinda mashindano ya Malkia Elisabeth kule Brussels, Mmarekani wa kwanza kushinda pale. Baada ya hapo akarekodi konsato za Beethoven na za Brahms na Okestra ya Cleveland chini ya George Szell. Ukipata nafasi ya intaneti nzuri hapo Mwanga, Kigoma, tafuta konsato ya nne ya Beethoven katika rekodi zile. Inaanza piano peke yake, taratibu, okestra nzima imenyamaza. Hana haraka hata kidogo. Sista aliyetufundisha angesimama mlangoni mpaka mwisho.

Maisha hayo si mepesi, Mama Neema. Mpiga fidla hubeba fidla yake popote aendapo. Mpiga piano anafika mji asioujua, anakuta piano asiyoijua, ina uzito wake, ina pedali yake, na jioni ile ile lazima aisemeshe mbele ya watu walionunua tiketi. Nota zote ziko kichwani. Mbele yake hakuna karatasi. Konsato moja ya Brahms inakaribia dakika 50. Kesho mji mwingine, piano nyingine. Na kati ya mji na mji ni mazoezi, saa nyingi kila siku, maana vidole havina akiba.

Mwaka 1964 alikuwa na miaka 36. Okestra ya Cleveland ilikuwa inajiandaa kwa safari kubwa ya Urusi ya Kisovieti, naye ndiye aliyetakiwa kupiga. Akaanza kuona mkono wa kulia unachelewa. Kidole kidogo na cha pete vikaanza kujikunja. Naye akafanya kile unachokifanya wewe: akaongeza mazoezi. Kadiri alivyoongeza, vidole vikazidi kuingia ndani. Safari ya Urusi ikaondoka bila yeye, na mkono wa kulia ukatoka kwenye kazi kwa miaka 30 hivi.

Soma hapo mara ya pili, tafadhali. Mtu aliyekuwa na walimu bora, piano bora, na bidii isiyo na kifani, alijaribu kulitoa tatizo hili kwa bidii. Bidii ndiyo iliyolizamisha zaidi.

Alihangaika kama anavyohangaika yeyote. Sindano, mazoezi ya tiba, kukandwa misuli, matibabu ya nafsi. Kila aliyemwambia ana dawa, alimfuata. Ndoa yake ikavunjika. Mwenyewe alisema wazi kwamba alifika mahali pa kufikiria kujiua. Akafuga ndevu na nywele ndefu, akanunua pikipiki ya Vespa. Nakuandikia haya kwa sababu sentensi yako ya mwisho, ile uliyoikata kwa kalamu, niliweza kuisoma. Ukiwa na usiku wa namna hiyo tena, usiandike barua. Nipigie simu, saa yoyote. Na umwambie Baba Neema.

Ugonjwa wake ulikuja kupata jina baada ya miaka mingi: distonia. Si mfupa, si misuli, wala si damu. Chanzo kiko kwenye ubongo, kwenye amri zinazotumwa kwa vidole. Madaktari wanaeleza kwamba kila kidole kina eneo lake kwenye ubongo, na kwa mtu anayerudia mjongeo mmoja mdogo mara maelfu kwa maelfu, maeneo yale yanaweza kuingiliana. Unaamuru kidole kimoja, viwili vinaitika. Ndiyo maana mara nyingi huja kwenye kazi ile ile tu, na kazi nyingine za mkono huo huo zinabaki salama. Ndiyo maana hakuumi. Inakadiriwa kwamba katika wanamuziki wa kazi, kama mmoja kati ya 100 hupatwa nayo. Hata Robert Schumann, yule mtunzi Mjerumani, vidole vya mkono wa kulia vilimharibikia akiwa kijana, na wapo madaktari wa siku hizi wanaodhani ilikuwa hiyo hiyo.

Sisemi kwamba wewe unayo. Mimi ni mpiga kinanda, si daktari, na vidole vinaweza kujikunja kwa sababu nyingine, mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kiwiko, au jambo linalotaka kushughulikiwa haraka zaidi. Lakini kutupiwa kitu? Hapana. Yule mama anakupenda, ameogopa tu. Mwambie hivyo kwa upole, kisha uende kwa daktari.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Baada ya kama miaka miwili ya giza, Fleisher alitambua jambo: kilichomshika tangu utoto ni muziki, na mikono miwili ilikuwa njia mojawapo ya kuufikia. Akashika kazi tatu. Aliongoza okestra, aliupiga muziki ulioandikwa kwa mkono wa kushoto peke yake, na alifundisha.

Huenda hukujua kwamba muziki wa mkono wa kushoto upo. Upo, tena mwingi, na sehemu kubwa imetokana na mtu mmoja, Paul Wittgenstein wa Vienna. Alikuwa mpiga piano kijana Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914. Akapigwa risasi, mkono wa kulia ukakatwa, akachukuliwa mateka na Warusi hadi Siberia. Kule kambini akachukua kasha la mbao na kuanza kulipiga kwa vidole vya kushoto, akitafuta namna ya kupiga kwa mkono mmoja nyimbo alizokuwa anazijua. Familia yake ilikuwa tajiri sana, na aliporudi nyumbani akawalipa watunzi wakubwa wa wakati ule wamwandikie: Ravel, Prokofiev, Britten, Richard Strauss, Hindemith. Hakuwa mtu rahisi. Kazi ya Prokofiev hakuipiga kabisa, na ya Hindemith, iliyoandikwa mwaka 1923, aliifungia isisikike. Ilikuja kupigwa kwa mara ya kwanza mwaka 2004 kule Berlin, na aliyeipiga ni Fleisher.

Konsato ya Ravel kwa mkono wa kushoto, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1932, isikilize kwa spika za sikioni, kwa sababu inaanzia chini sana, kwenye ala za sauti nzito kabisa, huwezi kuzisikia kwenye simu tupu. Halafu piano inaingia, na nakuapia utatafuta mkono wa pili uko wapi. Nimekaa na jambo hili mpaka nikaelewa linavyofanyika. Mkono wa kushoto una dole gumba upande wa juu, yaani upande wa sauti nyembamba. Hilo dole gumba, lenye nguvu kuliko vidole vyote, ndilo linaloimba wimbo. Vidole vinne vingine vinabaki na besi na vya katikati. Mkono unagonga besi, mguu unaishikilia kwa pedali isife, na kabla sauti haijaisha mkono umeshapanda juu kuuchukua wimbo. Mguu ndio unaokuwa mkono wa pili.

Na kuna hii. Mwaka 1877 Johannes Brahms alichukua kipande kirefu cha Bach kilichoandikwa kwa fidla moja, akakigeuza kiwe cha piano kwa mkono wa kushoto tu. Akampelekea rafiki yake Clara Schumann, mjane wa Robert, mpiga piano aliyelea familia kubwa kwa mapato ya majukwaani. Kipande kilimfikia ametoka tu kuumia mshipa wa mkono wa kulia, na Brahms hakuwa na habari. Fleisher alikipiga kipande hicho miaka mingi. Urafiki wa namna hiyo, wa kumtumia mwenzako kitu ambacho ndicho hasa alichokihitaji, mimi naustahi sana.

Nimefikiria kinanda chenu. Kina funguo 61, na pale parokiani mkono wako wa kulia hupiga sauti za soprano na alto, wa kushoto sauti za wanaume, tena na besi. Soprano yenu ina akina mama wengi, hawahitaji kushikwa mkono. Wakishapewa nota ya kuanzia wanakwenda. Wanaopotea siku zote ni tena na besi, na hao wako kwenye mkono wako mzima. Kwa hiyo Jumapili piga besi na tena kwa kushoto, weka pedali, acha akina mama wabebe wimbo wenyewe. Penye utangulizi, mkono wa kushoto unaweza kupanda ukapiga wimbo mtupu, bila mapambo. Hakuna sheria ya liturujia inayodai vidole kumi. Watu watasema mkono mmoja haulei mwana. Waache waseme mpaka waimbe.

Lakini kwenye kufundisha ndipo ninapotaka unisikilize hasa. Fleisher alikuwa anafundisha kwenye chuo cha muziki cha Peabody, Baltimore, tangu 1959. Zamani, mwanafunzi akikosea, alikuwa anamsogeza kwenye kiti na kumpigia: sikia, hivi. Mkono ulipokwenda, njia hiyo ikafungwa. Ikambidi atafute maneno. Aeleze sauti inatoka wapi, inakwenda wapi, kwa nini nota hii ichelewe kidogo na ile isichelewe. Mwenyewe alisema hapo ndipo alipokuwa mwalimu wa kweli. Kwake wamepita akina André Watts, Yefim Bronfman, Jonathan Biss, watu waliojaza kumbi za dunia. Kuanzia 1986 hadi 1997 aliongoza pia kituo cha muziki cha Tanglewood.

Wewe una vijana pale, na huyo msichana wa kidato cha pili uliyeniandikia habari zake Pasaka, mwenye sikio la ajabu. Mpe mkono wa kulia wa wimbo mmoja. Ukae kushoto kwake kwenye benchi lile lile, wewe besi na tena, yeye soprano na alto. Utalazimika kumweleza kwa maneno yale ambayo siku zote umeyafanya bila kusema. Nakujua, utaona tabu kwanza, utatamani kumsogeza. Usimsogeze.

Nisikufiche kuhusu mkono wake uliishia wapi. Mwaka 1982, baada ya upasuaji, alirudi jukwaani kwa mikono miwili kwenye ufunguzi wa ukumbi mpya wa okestra kule Baltimore. Watu walishangilia sana. Yeye alijua moyoni kwamba mkono haujapona, akarudi kwenye kushoto. Katikati ya miaka ya 1990 ndipo madaktari walipoanza kumchoma sindano ya botoksi, inayolegeza misuli inayovuta vidole, pamoja na kukandwa kwa kina. Haikuwa dawa ya kuponya. Nguvu yake huisha baada ya miezi michache, sindano inarudiwa. Ila ilimfungulia mlango. Mwaka 1995 alipiga tena konsato ya Mozart kwa mikono miwili, na mwaka 2004 akatoa rekodi ya mikono miwili, akiwa na miaka zaidi ya 75. Mle ndani kuna ule wimbo wa Bach unaopigwa kwenye harusi za kanisani, ule tuliowahi kuupiga pamoja kwenye kinanda cha shule, wewe juu mimi chini. Hakuwa tena na wepesi wa kijana wa 1944, lakini mimi naipenda rekodi hii kuliko zile za ujanani. Kila nota ameiweka akijua thamani yake. Aliendelea kufundisha mpaka uzeeni, akafariki Baltimore tarehe 2 Agosti 2020, ana miaka 92.

Sasa mpango. Anza hospitali ya Maweni, waeleze kama ulivyonieleza: vinajikunja kwenye kinanda tu, tangu lini, havikuumi. Usiache kutaja kinanda, hata kama unaona aibu kwamba ni jambo dogo. Kwa daktari hicho ndicho kielelezo kikubwa. Mwombe mtoto akurekodi kwa simu ukiwa unapiga, ili waone wenyewe. Wakikupa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, shukia kwangu Tabora ulale, kisha twende Mwanza pamoja. Nina kaka pale, hatutahangaika na nyumba ya wageni. Nimeshazungumza na Baba Tumaini, amekubali, na nauli ya kipande hicho iko juu yangu. Usibishe.

Ukija, niletee nota za ule wimbo wako wa Bikira Maria, nakala yangu imeliwa na mchwa. Nataka kuuandika upya, sehemu ya kinanda iwe ya mkono wa kushoto peke yake, dole gumba libebe soprano. Nimeanza beti la kwanza kwa kukumbuka, na kwenye kiitikio besi inagongana na tena, tutalitazama pamoja.

Msalimie Baba Neema, watoto, na wanakwaya wote. Nijibu mapema, na unitajie siku ya kwenda Maweni.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Tumaini